Sauti ni ile ile, mbona albamu chapwa?

Sanduku letu la mwezi huu limejaa albamu moja. Jina la mwimbaji tumelifuta kwenye barua zote. Kwanza, majibu yanawafaa wengi waliowahi kutamba kisha wakatoa kazi chapwa. Pili, yeye ana wakili na sisi hatuna.

SWALI: Asalaam aleikum wahariri. Kuna huyu mwimbaji wetu ambaye miaka kumi nyuma harusi ya Mombasa haikuwa harusi bila nyimbo zake. Ametoa albamu mpya, nyimbo 19, dakika 43. Nimeisikiliza mwanzo mwisho mara mbili na hakuna hata kiitikio kimoja kilichonibakia. Ndugu yangu asema kazeeka, sauti imekwisha. Mimi nasema sauti bado anayo. Tuamulieni. (Msomaji, Tudor)

JIBU: Waaleikum salaam. Umeshinda wewe, ila usimcheke ndugu yako. Ubovu kausikia sawasawa, kakosea tu pa kuutupia lawama. Sauti ipo. Nyimbo ndizo ziliachwa kabla hazijaisha kutungwa.

Anza na hesabu uliyotuletea mwenyewe. Dakika 43 kwa nyimbo 19, kila wimbo wapata dakika 2 na sekunde 16 hivi. Urefu huo hauji kwa bahati. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishavuka sekunde 30, na wimbo wa dakika sita hauhesabiwi zaidi ya ule wa dakika mbili. Ukipitia albamu ya nyimbo 10 msanii ameandikiwa 10, ukipitia ya 19 ameandikiwa 19. Chati ya albamu ya Billboard huko Marekani nayo, tangu mwisho wa 2014, hugeuza usikilizaji wa mtandaoni kuwa mauzo ya albamu. Lebo yenye kujua hesabu itataka nyimbo nyingi na fupi. Hapa kwetu ongeza Skiza ya Safaricom, inayouza kipande cha wimbo, mara nyingi kiitikio, kiwe mlio anaousikia anayekupigia simu. Anayelenga Skiza huandika kiitikio kwanza, kisha hutafuta maneno ya kukizungushia.

Kinachokatwa ili wimbo uishe kwa dakika mbili ni utangulizi wa ala, ubeti wa tatu, na kile kipande cha kati kinachobadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) kabla ya kiitikio cha mwisho. Zile nyimbo zake za harusini ubeti wa kwanza ulileta kisa, wa pili ukakitia pilipili, wa tatu ukakata shauri. Kwa ubeti mmoja na nusu hakuna kisa kinachofika popote, na kiitikio kinarudi kabla hujakitamani.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya barazani bila kifaa chochote. Uvume wimbo kwa mdomo uliofungwa, bila maneno, mbele ya mtu asiyeujua, kisha umuulize kiitikio kilianzia wapi. Wimbo uliotungwa vizuri atakuonyesha papo hapo, kwa sababu noti za kiitikio hupanda, aghalabu nusu toni tatu hadi tano juu ya ubeti, au huvutwa zikawa ndefu. Wimbo wa albamu ya namna hii, ubeti na kiitikio huzunguka ndani ya noti tano zile zile, juu ya kodi nne zile zile, tangu mwanzo hadi mwisho. Miksi ikitofautisha sehemu hizo kwa kuongeza makofi na besi, sikio hudanganyika mara ya kwanza. Mara ya pili halidanganyiki, na hapo ndipo ulipofika wewe.

Kisha, kwenye Spotify, bonyeza vidoti vitatu vilivyo kando ya jina la wimbo, ufungue orodha ya waliohusika. Ukikuta maprodyuza tisa au kumi kwenye albamu moja, jua kwamba biti nyingi zilitumwa kwa simu zikiwa zimeshakamilika. Hili lina ubaya wa kiufundi ambao watu hawausemi. Biti iliyotumwa kama faili moja ya stirio, si vipande vipande, haimruhusu fundi wa miksi kushusha ngoma peke yake wala kusogeza kinanda pembeni. Sauti ya mwimbaji ikizama, hana njia ila kuchonga biti nzima kati ya kilohezi 2 na 4, mahali maneno yanaposikikia vizuri. Akichonga sana, ala zote zinafifia pamoja. Asipochonga, mwimbaji yuko nyuma ya pazia. Huenda ndugu yako alilisikia pazia hilo akadhani ni uzee.

La mwisho ni kolabo. Chukua saa ya simu upime sekunde anazoimba mwenyewe katika kila wimbo wenye mgeni. Ukikuta hafiki nusu, huo si wimbo wake. Amepangishwa chumba humo.

SWALI: Mimi ni dereva wa tuktuk, naendesha Bamburi hadi Mtwapa. Nyimbo za albamu hiyo hiyo zinakwaruza kwenye spika zangu, hasa besi ikiingia. Zake za zamani hazikwaruzi. Fundi wa Mwembe Tayari aniambia ninunue amplifaya kubwa zaidi. Ni kweli? (Dereva, Bamburi)

JIBU: Usitoe pesa bado, kaka. Zima injini, weka wimbo mpya, teremsha sauti mpaka uweze kuzungumza na abiria bila kupaza. Ukiendelea kusikia mkwaruzo katika sauti ndogo hivyo, umo ndani ya faili na hakuna amplifaya itakayoutoa. Mkwaruzo ukipotea, tatizo ni la kwako, si la mwimbaji.

Kwa albamu hii twashuku yote mawili. Nyimbo nyingi za sasa humalizwa kwa kubanwa kwenye limita, kizuizi cha sauti isivuke kiwango, mpaka vilele vya sauti vinakatwa bapa, ili wimbo uonekane mkubwa kuliko wa jirani. Kipimo cha ukubwa huo ni LUFS, na namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye kelele zaidi. Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS. Ukimpelekea wimbo wa -7 huuteremsha desibeli 7, kwa hiyo ukubwa umepotea na ubapa umebaki. Ubaya wake uliwahi kusikika duniani kote mwaka 2008, Metallica walipotoa Death Magnetic. Nyimbo hizo hizo zilikuwemo kwenye mchezo wa Guitar Hero bila kubanwa kiasi kile, mashabiki wakalinganisha, wakaanzisha ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Flashi yako haina wa kukuteremshia. Wimbo unaingia kwenye amplifaya na ukubwa wake wote, wakati zile za zamani, zilizomalizwa kwa ustaarabu, ziliiachia nafasi ya kupumua.

Dawa haina gharama kubwa. Zima kitufe cha kuongeza besi, na kile cha "loudness" kama redio yako inacho. Rudisha vitufe vyote vya toni kwenye sifuri. Geini ya amplifaya, kitufe cha kuilinganisha na nguvu inayotoka redioni, si kitufe cha sauti, ingawa mafundi wengi huifungua mpaka mwisho. Ishushe kabisa, weka wimbo safi wa zamani, pandisha redio hadi robo tatu, kisha ipandishe geini taratibu mpaka usikie mkwaruzo wa kwanza, urudi nyuma kidogo, uiache hapo. Spika za inchi 6 na nusu zikatie besi ya chini ya hezi 80 kwa kichujio cha amplifaya, kwani hizo haziwezi kupiga hezi 40 hata uzibembeleze. Kazi hiyo ni ya sabufa. Usiku, tazama taa za mbele. Zikififia kila besi inapogonga, basi waya wa umeme ni mwembamba au betri imechoka, na amplifaya kubwa itazidisha balaa.

Pia uliza flashi ilijazwa wapi. Wimbo ulionyofolewa kwenye video ukabanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 husikika matoazi yakichuruzika kama maji. Ya kilobiti 320 hula megabaiti 2.4 kwa dakika, yaani albamu nzima ya dakika 43 ni megabaiti 103 hivi. Ipakue mara moja kwa waifai, usiisikilize kwa bando barabarani.

SWALI: Wakubwa zangu, nina studio ndogo nyumbani Kisauni. Msanii mmoja wa zamani amenijia nimrudishe mjini. Ana heshima zake na siwezi kumwambia kila kitu usoni. Ataka kuimba kwenye funguo zake za zamani, yaani kimo kile kile cha noti, lakini za juu hazifiki, na ataka nyimbo zote ziwe amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini. Nifanyeje ili isitoke kama hii tunayoilalamikia? (Prodyuza, Kisauni)

JIBU: Umeuliza kabla ya kurekodi, na hilo ndilo la maana.

Ufunguo kwanza. Usimwambie sauti imeshuka. Mpe kinanda, mwambie apashe koo, kisha mtafute noti ya juu anayoweza kuimba mara tano mfululizo ikiwa safi na bila kukaza shingo. Noti ya juu kabisa ya kiitikio iwe toni moja chini ya hapo. Kwa kawaida hiyo ina maana ya kushusha wimbo nusu toni mbili, mara nyingine tatu, na hakuna msikilizaji atakayejua. Usiushushe kwa kompyuta ikiwa biti ishamalizwa, hasa ukipita nusu toni mbili: ngoma zitalegea na magitaa yatatoa mlio wa bati. Piga ala upya katika ufunguo mpya, ngoma uziache zilivyo.

Akishindwa na noti moja tu, badilisha muziki wa noti hiyo, si wimbo mzima. Waimbaji wa umri wake hukubali upesi ukisema "jaribu na hivi", kuliko ukisema "huwezi".

Chumba. Watu hutundika blanketi nyuma ya maikrofoni, ambako haisikii. Maikrofoni ya kawaida ya studio husikia mbele yake, kwa hiyo mablanketi mazito, au godoro, yawe nyuma ya mwimbaji na ubavuni. Feni na kiyoyozi vizimwe kila anaporekodi, uvifungue katikati, la sivyo joto la hapa litamuua kabla ya ubeti wa pili. Panga ratiba yako kwa nyakati za adhana, usiwe na jaribio zuri lililoingiliwa na msikiti wa mtaa. Paa likiwa la bati, mvua ikianza funga kazi.

Mwimbaji akae umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kitambaa cha kuzuia pumzi mbele. Akisogea sana besi ya sauti yake huvimba, na utahangaika kuikata baadaye kati ya hezi 200 na 400. Kwenye kompyuta rekodi kwa biti 24 (hizi ni za kidijitali, si biti ya muziki), vilele viwe kati ya desibeli -10 na -6. Mwache aimbe wimbo mzima, mara nne hadi sita, apumzike baada ya tatu. Kurekodi mstari kwa mstari ndiko kunakofanya albamu za siku hizi zisikike kama mtu anayesoma orodha, kwa sababu pumzi na hasira za mstari mmoja haziingii kwenye unaofuata. Chagua jaribio moja liwe mama, uazime mistari michache tu kwenye mengine.

Auto-Tune itumie, hakuna anayekataza. Lakini kasi ya kurekebisha ukiiweka kwenye sifuri, kila noti inaruka kwenda mahali pake ghafla na mtetemo wake wa koo, ule ambao watu walimpendea, unanyooshwa. Anzia milisekunde 30 au 40, na noti zilizo mbaya kweli uzisahihishe moja moja kwa mkono.

Sasa amapiano. Muziki wenyewe hauna kosa. Kawaida yake ni mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, kwa mwendo wa nne nne, na nafasi kubwa imeachwa wazi kwa ile besi ya ngoma ya gogo. Msanii wako, kama amelelewa na chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani, amezoea mwendo wa sita kwa nane, ambao maneno ya Kiswahili hukaa humo bila kusukumwa. Akibebwa mzima mzima hadi kwenye mwendo mwingine, kinachovunjika ni mkazo. Chukua mstari kama "nilikungoja bandarini". Mkazo uko kwenye "ngo" na "ri". Mara nyingi tunasikia mwimbaji akiangusha pigo zito kwenye "ni" ya kwanza, kisha akivuta "ja" na "ni" ya mwisho ili zijaze nafasi ya besi. Maneno ni yetu, na bado msikilizaji wa Kongowea anayasikia kama ya mgeni, asijue kwa nini wimbo haumwingii.

Dawa: mwambie asome ubeti kwa kinywa tu juu ya biti, kama anazungumza. Pale ulimi wake unapotua ndipo pigo zito litue. Isipowezekana, ongeza au punguza silabi: "nimekungoja pale bandarini" huenda ikakaa mahali ambapo ule wa kwanza ulikataa. Mkimaliza, nyimbo mbili za amapiano katika nane zatosha. Moja iwe ya sita kwa nane, hata kama yeye hataki. Mwambie ni ya kina mama.

Miksi yako iache vilele kwenye -6 kabla ya kumalizia, na ukimalizia usivuke -1. Isikilize kwenye spika ya simu, ambayo besi ya chini haiitoi: ikiwa besi imepotea kabisa, iongezee ukali kidogo juu ya hezi 200 ili sikio liikisie. Kisha mwite yule ndugu yetu wa tuktuk.

SWALI: Mimi ni mtu mzima, nimekulia Mji wa Kale. Kaseti za taarabu tulizisikiliza miaka na miaka. Hizi albamu za sasa haziishi hata wiki. Vijana hawajui kuimba? (Mzee, Mji wa Kale)

JIBU: Shikamoo mzee. Kuimba wanajua, na wengine wana koo kuliko wa zamani. Wanachokosa ni mtu wa pili.

Katika taarabu ya Mombasa mara nyingi mtunzi alikuwa mmoja na mwimbaji mwingine. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba mashairi mengi ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo. Shairi lilifika kwake likiwa na vina na mizani kamili, likasimama lenyewe hata bila udi wala fidla. Likiwa bovu lilikataliwa karatasini, kabla ya kumgharimu mtu saa za studio. Leo mwimbaji huandika mbele ya maikrofoni, biti ikizunguka, na anayemsikiliza ni prodyuza anayelipwa kwa wimbo. Nani atamwambia ubeti huu haufai?

Kaseti nayo ilikuwa na mpaka. Ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, kwa hiyo upande mmoja ulichukua nyimbo nne au tano ndefu, na kila uliouingiza ulikuwa umeutoa mwingine. Maduka kama Mbwana Radio Service hapo mjini yaliuza kaseti kwa watu wanaowajua kwa sura. Ukiuza mbovu, mnunuzi anarudi kesho. Kwenye mtandao hakuna upande wa pili wa kujaza, wala wa kumrudia.

SWALI: Je, mwimbaji akianguka namna hii hurudi? Na mimi niliyempenda nifanye nini na hizi nyimbo 19? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Hurudi. Mariah Carey, mwimbaji wa Marekani, alitoa albamu ya Glitter tarehe 11 Septemba 2001, siku mbaya kuliko zote, ikaanguka, na mwanzoni mwa 2002 lebo yake ikamlipa dola milioni 28 ili tu mkataba uvunjike. Mwaka 2005 wimbo wake mmoja ulikaa wiki 14 juu ya chati ya nyimbo ya Billboard. Hakurudishwa na wingi wa nyimbo. Kwa hiyo huyu wetu akitangaza albamu nyingine ya nyimbo 20 kabla mwaka haujaisha, usiwe na haraka. Akitoa wimbo mmoja wa dakika nne wenye beti tatu, usikilize siku hiyo hiyo.

Na hizi ulizonazo, fanya aliyopaswa kufanya yeye. Toa kwanza zote ambazo mgeni anaimba kuliko yeye. Katika zinazobaki, toa zisizopita jaribio la kuvuma tulilomwelekeza msomaji wa Tudor. Zikibaki sita, kama tulivyobakiwa nazo sisi, zipange ya polepole kabisa iwe ya nne, na zile mbili zenye mwendo mmoja usiziweke zikifuatana. Zitakuwa kama dakika 14. Ya saba, ile yenye filimbi, tulibishana sana hapa ofisini, na wawili kati yetu bado wanasema ilistahili kuingia.